Somo la 8: Dawa Mikononi mwa Wakili Mwaminifu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 20:1–7, Mathayo 4:5–7, Mathayo 9:12, 2 Wafalme 4:38–41, 2 Wafalme 5:1–14, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 10:33–35, Luka 14:1–6.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisome kwa sauti kutoka katika Biblia yako kila asubuhi juma hili. Mtume anatukumbusha kwamba mwili si mali yetu. Umenunuliwa kwa thamani, na Roho wa Mungu anakaa ndani yake.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mengi: dawa. Hapa Kifungilo, na katika vijiji vyote vinavyoizunguka Lushoto, kidonge cha zahanati ni dawa. Ile inayopulizwa kwenye nyanya na kabichi nayo ni dawa. Mizizi iliyochemshwa na bibi ni dawa, na sumu ya panya pia ni dawa. Neno hilo hilo linabeba kinachoponya na kinachoua. Hata kidonge kimoja kinaweza kuwa vyote viwili, kutegemea kipimo, saa, na mtu aliyekusudiwa kukimeza.

Waadventista Wasabato tumefundishwa vizuri kuhusu kuzuia magonjwa. Mtoto wa darasa la Primari anaweza kutaja hewa safi, mwanga wa jua, maji, mazoezi, pumziko, chakula bora, kiasi, na kumtumaini Mungu. Lakini ukiingia katika nyumba nyingi za washiriki utakuta mfuko wa plastiki ukining'inia ukutani, na ndani yake vidonge vilivyobaki: vitatu vya malaria, viwili vya maumivu, na kapsuli za rangi mbili zisizojulikana zilitoka wapi. Je, uwakili wetu unafika mpaka kwenye mfuko huo?

Juma hili tutajifunza mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, kutumia dawa ipasavyo si upungufu wa imani. La pili, kutumia dawa ovyo si jambo la mtu binafsi peke yake, kwa sababu madhara yake humfikia jirani.

JUMAPILI
Sala na Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia alifanya nini aliposikia kwamba atakufa? Bwana alimjibuje, na Isaya aliagiza nini kifanyike?

Mfalme aligeuza uso wake ukutani akaomba kwa machozi. Bwana akasikia. Kabla nabii hajatoka katika ua wa kati, neno lilikwisha kumfikia: mfalme ataongezewa miaka kumi na mitano. Kama kuna mgonjwa aliyekuwa na haki ya kungoja muujiza bila kufanya lolote, ni huyu aliyekuwa na ahadi mkononi. Hata hivyo Isaya aliagiza waandae mkate wa tini na kuuweka juu ya jipu. Walifanya hivyo, na mfalme akapona.

Nani alimponya Hezekia? Jibu la Biblia ni moja: Bwana. Tini hazikumnyang'anya Mungu utukufu wake. Zilikuwa kazi ya mikono yake, zikatumika kwa agizo lake. Vivyo hivyo Yesu alitaja waziwazi kwamba wagonjwa wanahitaji tabibu (Mathayo 9:12), na hakumwambia Luka, tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), aache utabibu ili awe Mkristo kamili.

Angalia pia utaratibu wa habari hii. Maombi yalitangulia, matibabu yakafuata, na shukrani ikahitimisha, kama tunavyosoma katika Isaya 38:9–20. Hakuna hatua iliyoifukuza nyingine. Mtu anayeomba kisha akakataa kumeza dawa ameikata habari ya Hezekia katikati, na anayemeza dawa bila kuomba ameikata pia, mahali pengine.

Tafakari: Unapomeza dawa, je, huwa unaomba kwanza? Ungeomba nini hasa: upone tu, au pia upewe hekima ya kufuata maelekezo?

JUMATATU
Mtoto na Kwinini

Soma Mathayo 4:5–7. Shetani alitumia ahadi ya kweli ya Maandiko. Kosa la hoja yake lilikuwa wapi?

Wapo wapendwa miongoni mwetu wanaodhani kwamba ushauri wa Ellen G. White unakataza dawa zote za hospitali. Ni vema kuelewa nyakati alizoandika. Katika karne ya 19, waganga wengi waliwapa wagonjwa zebaki, aseniki na striknini, yaani vitu ambavyo leo tunaviita sumu bila kusita. Maonyo yake makali yalielekezwa kwenye uganga wa namna hiyo, na kwenye tabia ya kutegemea dawa huku mtu akiendelea kuvunja kanuni za afya. Yeye huyo huyo alihimiza kuanzishwa kwa kazi ya tiba huko Loma Linda, California, na kanisa likafungua chuo cha kufundisha madaktari hapo mwaka 1909.

Kuna habari moja ambayo kila mwalimu wa Shule ya Sabato angepaswa kuijua. Mwanawe, W. C. White, aliieleza katika barua ya mwaka 1935. Wakati Ellen White alipokuwa akiishi Australia, kati ya mwaka 1891 na 1900, ndugu mmoja aliyekuwa mmishonari visiwani alikuja kwake na mzigo mzito. Mtoto wake wa kwanza aliugua malaria vibaya. Baba alishauriwa ampe kwinini, lakini kwa sababu alikuwa amesoma maonyo dhidi ya dawa hiyo, alikataa. Mtoto akafa. Sasa baba akamwuliza: je, ningekuwa nimetenda dhambi kama ningempa kwinini, nilipokuwa sijui njia nyingine na mtoto alikuwa anakwenda kufa? Ellen White alimjibu kwamba hapana. Mungu anatutazamia tufanye lililo bora kadiri tunavyoweza.

Jibu hilo lina huruma, lakini pia lina uzito. Baba yule hakuwa mzembe. Alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu, na uaminifu wake aliuelekeza kwenye maneno aliyoyasoma, bila kuuliza yaliandikwa kuzuia nini. Mtoto ndiye aliyelipa.

Sisi wa milima ya Usambara tunaifahamu kwinini kwa namna ya pekee. Hutokana na gome la mti wa mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Wajerumani waliupanda Amani, Usambara Mashariki, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipozuiwa kuleta dawa, magome ya Amani yalitumika kutengeneza kwinini papa hapa nchini. Dawa ambayo baba yule aliogopa kumpa mwanawe ilitoka katika mti ulioumbwa na Mungu. Mti huo huo, ukitumiwa bila kipimo, humfanya mtu asikie kelele masikioni na kuudhuru moyo wake. Kwa hiyo kuikataa dawa bila kuuliza si salama, na kuibugia bila kuuliza si salama pia.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2011 watu wengi kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za kupunguza makali ya VVU, na wengine dawa za kisukari, wakiamini wameshapona. Kipimo cha maabara ndicho kingepaswa kusema, si hisia. Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwaagiza wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Tafakari: Kumwamini Mungu kunatofautianaje na kumjaribu Mungu? Toa mfano mmoja unaohusu ugonjwa.

JUMANNE
Mauti Sufuriani

Soma 2 Wafalme 4:38–41. Kwa nini chakula kile kiligeuka sumu? Je, aliyechuma matango-mwitu alikuwa na nia mbaya?

Ilikuwa njaa huko Gilgali. Mmoja wa wana wa manabii alitoka kondeni, akaona mmea, akajaza nguo yake, akakatakata na kutia chunguni. Maandiko yanataja kiini cha tatizo kwa ufupi: hawakuyajua. Alikuwa na nia njema, alikuwa na bidii, na alikuwa shuleni kwa nabii. Yote hayo hayakuyageuza matango-mwitu kuwa chakula.

Hatari nyingi za dawa majumbani mwetu huanza na neno hilo, kutojua. Tuchukue mfano wa kijana wa Kifungilo aliyeshuka Mombo kupeleka mboga, akalala huko siku kadhaa. Baada ya kama wiki mbili anapata homa. Jirani anampa vidonge vya malaria vilivyobaki. Huenda kweli ni malaria, maana Mombo kuna joto na mbu wengi, na sisi wa milimani miili yetu haijaizoea malaria, kwa hiyo hutupiga kwa nguvu. Lakini huenda ni nimonia, hasa katika miezi ya baridi na ukungu. Vidonge vitatu vya jirani havitoshi kutibu malaria, na kwa nimonia havifai kabisa. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama dakika 15 hadi 20 zahanati. Je, uhai wa kijana haustahili dakika hizo?

Kujua kunaanza kwa kuuliza. Unapopewa dawa, iwe hospitali, famasi au Duka la Dawa Muhimu, usiondoke dirishani kabla hujapata majibu ya maswali haya:

1. Dawa hii inaitwaje, na inatibu nini?
2. Nitumie kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi?
3. Nimeze kabla ya chakula au baada yake? Kuna kitu nisichanganye nayo?
4. Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Na wewe pia uwe tayari kusema. Mweleze mtoa huduma kama una mimba au unanyonyesha, kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, na kama unatumia dawa nyingine yoyote, zikiwemo za miti shamba. Wengi huficha mizizi ya nyumbani wakiogopa kukemewa. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu mwaka 2002, kwa hiyo si jambo la kuonea haya. Kinacholeta hatari ni kuchanganya viwili huku anayekutibu anakijua kimoja tu.

Maandishi ya bahasha nayo yaeleweke. Ukiona "1 x 3", maana yake si kumeza kidonge asubuhi, mchana na jioni kabla ya giza. Ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8: mathalani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na saa 4 usiku. Mwili huitumia dawa na kuitoa. Mwanya ukiwa mrefu mno, ugonjwa hupata nafasi, na vipimo vikisogeana mno, dawa hujaa kupita kiasi.

Chakula nacho kina sehemu yake. Dawa ya mseto ya malaria huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Lakini tetrasaiklini hufungwa na maziwa hayo hayo, ikapungua nguvu. Vidonge vya kuongeza damu hupunguzwa nguvu na chai, na katika nchi hii ya mashamba ya chai ni vema kumwambia jirani mjamzito avimeze kwa maji, si kwa kikombe cha chai ya asubuhi.

Tafakari: Elisha alitia unga chunguni, na hapakuwa na madhara tena. Mungu aliwaokoa wasiojua. Je, hilo linatupa ruhusa ya kubaki bila kujua?

JUMATANO
Mara Saba, Si Sita

Soma 2 Wafalme 5:1–14. Nini kingetokea kama Naamani angetoka mtoni baada ya kujichovya mara ya sita?

Naamani alitaka tiba ya fahari. Alipewa agizo dogo, rahisi, na lenye hesabu. Maandiko hayasemi kwamba baada ya mara ya tatu ngozi yake ilianza kung'aa. Yanasema alijichovya mara saba kama alivyoambiwa, ndipo mwili wake ukarudi. Utii wake ulipimwa kwa kumaliza.

Sisi hushindwa mahali pengine. Naamani angeweza kukata tamaa kwa sababu hakuona nafuu, bali sisi huacha kwa sababu tumeiona. Siku ya pili homa imeshuka, mdomo ni mchungu, shamba linangoja, na vidonge vilivyobaki vinakwenda kwenye mfuko ule wa ukutani "kwa siku nyingine".

Tazama hesabu ya dawa ya mseto kwa mtu mzima. Ni vidonge 24, yaani vidonge 4 mara 6 kwa siku 3. Akianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni baada ya saa 8, saa 10 jioni. Kesho yake saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na keshokutwa vivyo hivyo. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake, ndiyo maana apimwe kwanza, asikisiwe. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, ingawa kikohozi huweza kutulia mapema sana. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu hata kidogo. Mzee akijisikia vizuri ni kwa sababu dawa inafanya kazi, si kwa sababu haihitajiki tena. Asiache wala kupunguza mpaka azungumze na daktari wake.

Kwa nini kumaliza ni jambo la jirani pia? Nchi yetu ina ushuhuda. Kwa miaka mingi klorokwini ilitibu malaria kwa bei ndogo. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha kama dawa ya kwanza, ikachukua SP. Miaka michache tu baadaye SP nayo ikazidiwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kupokewa na dawa ya mseto. Sasa watafiti wameripoti dalili za usugu dhidi ya sehemu ya mseto huo katika Rwanda, Uganda, na hapa nchini mkoani Kagera. Sababu za usugu ni nyingi, lakini dozi pungufu na dawa zisizofaa ni miongoni mwake, na hizo ziko mikononi mwetu.

Wazee wa Lushoto wanakumbuka jambo jingine. Kuanzia mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilirudi tena na tena katika vijiji vya wilaya hii. Maelfu waliugua na mamia wakafariki. Mgonjwa aliyefikishwa mapema alikuwa na tumaini kwa sababu antibayotiki zilikuwa zikifanya kazi. Fikiri kama dawa hizo zingekuwa zimeshazoewa na vijidudu wakati ule. Kapsuli anayomeza mtu leo kwa mafua, ambayo hayatibiwi na antibayotiki kwa kuwa husababishwa na virusi, inapunguza akiba ambayo mtoto wa mtu mwingine ataihitaji kesho. Nguvu ya dawa ni amana ya jamii nzima. Hakuna mwenye haki ya kuitapanya, hata kama amenunua kwa fedha zake.

Tafakari: Ni kwa njia gani kumaliza dozi kunaweza kuitwa tendo la kumpenda jirani kama nafsi yako?

ALHAMISI
Ukuta Pande Zote za Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria hii ilimlinda nani, na ilimwekea nani wajibu?

Katika Israeli watu walitumia juu ya nyumba kama sebule. Mwenye nyumba aliamriwa ajenge ukuta mdogo pembeni ili mtu asianguke. Hakuruhusiwa kusema, "Anayeanguka ni mzembe wake." Damu ingehesabiwa juu ya nyumba yake. Mungu anatutaka tuione ajali kabla haijatokea, na tujenge ukuta. Ukuta wa dawa nyumbani unajengwaje?

Kwanza, tenganisha. Wakulima wa mboga hapa kwetu huweka dawa za nyanya na kabichi ndani ya nyumba. Zikae chumba au sanduku lake lenye kufuli, mbali na chakula na mbali na dawa za wagonjwa, katika chupa zake zenye maandishi. Kumimina dawa ya shambani katika chupa ya soda ni kumtegea mtoto mtego.

Pili, hifadhi. Dawa za watu ziwekwe mahali pakavu, pasipo jua wala moshi wa jiko, juu ambapo mtoto hafiki. Zibaki katika pakiti au bahasha yake yenye jina. Usimbembeleze mtoto kwa kuita kidonge "pipi", maana siku akiwa peke yake ataitafuta pipi hiyo.

Tatu, pima. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kikombe au bomba lililokuja nayo. Kijiko cha chai kinachokusudiwa ni mililita 5, lakini kijiko cha chakula ni mara tatu yake, na vijiko vya jikoni havilingani. Hata parasetamoli, ambayo wengi huiona kama maji, ina mpaka. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na ajihadhari na dawa za mafua ambazo nazo zina parasetamoli ndani. Dawa kali za maumivu kama diklofenaki, zikitumiwa kila siku baada ya kulima, huweza kuumiza tumbo na figo, na kupandisha presha.

Nne, kagua. Kila mwanzo wa robo, tunapopokea mwongozo mpya wa kujifunza Biblia, kagua pia mfuko wa dawa. Zilizopita tarehe, zilizobadilika rangi, na zisizo na jina, zipeleke zahanati au famasi uulize namna ya kuziteketeza. Usinunue dawa kwenye meza ya mnadani au kwa mtu anayepita basini. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hukagua dawa na husajili zinazoruhusiwa kuuzwa, lakini haiwezi kukulinda na dawa uliyonunua gizani.

Tano, usigawe. Dawa iliyoandikwa kwa ajili ya mama mkwe haikuandikwa kwa ajili yako, hata kama nyote mnaumwa kichwa. Katika Luka 10:33–35 Msamaria alimfunga majeruhi jeraha, kisha akamfikisha mahali pa kutunzwa, akalipa, na akaahidi kurudi. Huo ndio ukarimu unaofaa: mpeleke mgonjwa, mchangie nauli, umfuatilie. Kumpa mabaki ya vidonge ni rahisi zaidi, lakini si huruma ile.

Na Sabato je? Soma Luka 14:1–6. Yule aliyeponya siku ya Sabato hawezi kukasirika mgonjwa akimeza dawa yake, wala mzazi akimkimbiza mtoto zahanati wakati wa ibada. Dozi haina likizo. Kuhusu siku za kufunga na kuomba, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mama mjamzito, na anayetumia dawa zinazohitaji chakula, wasifunge bila ushauri wa daktari. Wapo wanaofunga kwa kula chakula chepesi, na maombi yao yanasikiwa sawasawa. Viongozi, litangazeni hili kanisani kabla ya siku ya kufunga, ili mgonjwa asijione mnyonge kiroho.

Tafakari: Kati ya hatua hizi tano, ni ipi ambayo nyumba yako haijajenga ukuta? Utaijenga lini?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905, soma sura zinazohusu ushirikiano wa tabibu na Mungu, na maombi kwa ajili ya wagonjwa. Angalia jinsi mwandishi anavyoweka sala na tiba bega kwa bega, na jinsi anavyosisitiza kuondoa chanzo cha ugonjwa badala ya kutuliza dalili tu.

Juma hili tumemwona mfalme aliyeomba kisha akakubali tini, na baba aliyempoteza mwana kwa kuelewa maonyo nusu. Tumemwona mwanafunzi wa nabii aliyetia chunguni asichokijua, na jemadari aliyepona kwa sababu alimaliza hesabu. Wote wanatufundisha kwamba Mungu huponya kwa njia zake, na kwamba hutuomba akili zetu pamoja na imani yetu. Kanuni nane za afya hazishindani na dozi iliyoandikwa na daktari. Mwenye presha anayepunguza chumvi na kutembea kila siku anaisaidia dawa yake, na dawa yake inampa nafasi ya kuendelea kutembea.

Siku inakuja ambapo mkaaji hatasema kwamba ni mgonjwa (Isaya 33:24), na majani ya mti wa uzima yatakuwa ya kuwaponya mataifa (Ufunuo 22:2). Mpaka siku hiyo tunaishi na majani ya aina nyingine, na vidonge, na sindano. Tuvipokee kwa shukrani, tuvitumie kwa kipimo, na tuvitunze kama watu watakaotoa hesabu.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mwenzenu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU anatoa ushuhuda kwamba ameombewa na ameziacha. Darasa lenu litampokeaje kwa upendo, bila kumkemea hadharani na bila kumwacha aangamie? Nani aende kwake, na aseme nini?

2. Mtu akinukuu maonyo ya Ellen White dhidi ya dawa ili kukataa chanjo au matibabu ya mtoto, habari ya mmishonari na kwinini inatusaidiaje kujibu? Tunajifunza nini kuhusu kusoma ushauri wa kale pamoja na mazingira yake?

3. Wengi hununua nusu dozi kwa sababu fedha hazitoshi, si kwa sababu ya ukaidi. Idara ya Huduma za Afya, Dorkasi na mashemasi wa kanisa lenu wanaweza kufanya nini ili mwenye uhitaji amalize dozi yake?

4. Wazee wengi hutumia dawa za aina tatu au nne na macho yao hayaoni vizuri maandishi ya bahasha. Panga pamoja na darasa: ni mzee gani katika eneo lenu, na ni kijana gani atakayemtembelea kila juma, akamwandikia saa za dawa katika daftari kwa herufi kubwa, na kuomba pamoja naye?

5. Kabla ya Sabato ijayo, kila mmoja akague mfuko wa dawa wa nyumbani kwake. Wakati wa kushirikishana, elezeni mlichokuta, na mmefanya nini nacho.